Bei Hutajwa Kikombe cha Pili: Mzee Zablon Owuor Anaaga Yadi

Ijumaa, tarehe 17 Desemba 2021, Mzee Zablon Owuor anarudisha funguo za dawati lake baada ya miaka ishirini na mitatu katika yadi yetu ya kuuza magari hapa St Marys, Australia. Tulipoambiwa, sisi wenzake tulidhani ni mzaha, maana alikuwa bado na miaka miwili mbele yake. Tena ni yeye mwenyewe aliyezoea kutuambia kwamba siku akiondoka yadi itafungwa, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kupika chai ya kunyweka.

Aliingia mwaka 1998 kama mwosha magari. Siku moja mteja alimkuta na mpira wa maji mkononi, akamuuliza kama gari analoliosha ni zuri. Mzee akamjibu kwamba si zuri hata kidogo, ila lililo pembeni yake ni zima. Mteja akalinunua lile la pembeni. Meneja wa wakati huo alipigwa na butwaa, na wiki iliyofuata akamnunulia tai. Tai hiyo anayo hadi leo, na kwa heshima zote, tunamwomba aistaafishe pia.

Wasiotujua hushangaa jinsi watu wetu tuliohamia huku kutoka Afrika tunavyonunua gari. Hatuji mmoja mmoja. Tunakuja na mjomba, shangazi, mara nyingine na mchungaji, kama tunaokwenda kuposa. Mzee alilielewa hilo. Alipanga viti, akamimina chai ya maziwa, akauliza habari za nyumbani, za kanisa na za watoto. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha salamu. Bei ilitajwa kikombe cha pili, ikabishaniwa kwa adabu, na ikishakubaliwa watu walipeana mikono wakaenda nyumbani kuombea. Karatasi zilisainiwa siku ya tatu au ya nne. Mimi Njeri, ninayeandaa karatasi hizo, sikumbuki hata mara moja ambapo bei iliyopewa mkono ilirudi ikiwa nyingine.

Mapema mwaka huu uvumi ulienea kwamba mtengenezaji wa magari tunayoyauza ataanza kuyauza mwenyewe. Sisi tungebaki mawakala wa kukabidhi funguo, na bei ingekuwa moja nchi nzima, bila kupunguza hata dola. Wengi tulishikwa na hofu. Mzee hakuogopa, akatuhakikishia kwamba jambo hilo limekatazwa na sheria. Alichapisha kurasa tano za sheria hiyo akazibandika jikoni juu ya birika, nasi tukalala usingizi mnono kwa miezi miwili.

Mwezi Mei, katika mkutano wa Zoom, Mzee aliomba nafasi akaisoma sheria ile kifungu kwa kifungu, kwa sauti ya mtu anayehubiri. Mwanasheria wa kampuni alisubiri amalize, kisha akasema kwa upole kwamba hiyo ni sheria ya Texas, na kwamba Australia haina kitu kama hicho. Kumbe kurasa zilitumwa kwa WhatsApp na binamu yake auzaye magari kule Dallas. Sote tulizima kamera. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nikamwona Mzee kupitia kioo akivua miwani na kubaki ameishika. Mwenye nguvu mpishe, lakini ile siku iliuma.

Kisha yakaja ya Chibalonza. Dada huyu wa Guildford anahudumia wazee katika makao yaliyo upande wa Penrith, na zamu yake huanza alfajiri. Jamaa aliyekuwa akimpa lifti aliwekwa karantini. Bila gari, zamu zingemponyoka. Jumatatu tarehe 28 Juni tulikuwa tumeshafungiwa na Korona, hivyo ujumbe wa posa ulikuja kwa video: Chibalonza jikoni kwake, mjomba wake Mushagalusa kwake. Mzee alipanga viti vilevile mbele ya simu, akanywa vikombe viwili peke yake. Bei ikakubaliwa. Kwa kuwa mikono haikuweza kushikana, waliipungia skrini. Wakaenda kuombea, kama desturi.

Walirudi Alhamisi. Ilikuwa tarehe mosi Julai, siku ya kwanza ya utaratibu mpya wa bei moja. Nilifungua kompyuta nikakuta bei nyingine, ya juu zaidi, na kile kisanduku cha punguzo hakipo. Kimeondolewa. Nilikibofya pale kilipokuwa, kama mjinga. Chibalonza akauliza kwenye simu, “Papa Owuor, bei ni ile tulisikilizana?” Mzee akamjibu kwamba ni ileile. Mimi nilijua haiwezekani.

Alipokata simu akanigeukia. “Njeri, neno langu limetoka Jumatatu. Hiyo system yao imeanza leo. Nani alikuwa wa kwanza?”

Sasa, Mzee alikuwa na gari lake mwenyewe, la aina ileile, linakuja. Alikuwa amelisubiri miezi saba, jipya, la kwanza maishani mwake, na karatasi zake zilisainiwa Desemba mwaka jana, kwa bei ya zamani. Mwaka huu magari ni adimu mno, hata kuukuu lauzwa kama jipya. Angeliweka mtandaoni angepata faida nono. Lilipofika Agosti alikaa ndani yake dakika kumi hapa uani, akashuka, akamwachia Chibalonza, aliyekuwa akiazima la mjomba kwa shida hadi siku hiyo, kwa bei ileile ya kikombe cha pili. Hakutuambia. Tuligundua Oktoba, vizuizi vilipolegezwa, tulipomtarajia na gari jipya tukamwona akitembea kutoka stesheni na begi lake. Anakuja kwa treni tatu kutoka Macquarie Fields. Chibalonza ndiye aliyetueleza yote, na hadi leo sijafunga mdomo kwa mshangao.

Tulimuuliza kwa nini asiagize lingine. Alisema hawezi kununua gari ambalo hakulibishania bei. Itakuwa kama kuoa bila kumsalimu mkwe. Wiki hiyohiyo akaandika barua ya kustaafu.

Mzee Owuor, asante kwa chai, kwa utani, na hata kwa sheria ya Texas, ambayo bado iko juu ya birika na hakuna aliyethubutu kuibandua. Afya iwe nawe, usingizi uwe mtamu, na kila atakayekuahidi jambo alitimize kama wewe.

Hafla ni Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa kanisa, Guildford. Chibalonza ameomba kazi moja tu, nasi tumemkubalia: yeye ndiye atakayempeleka Mzee nyumbani.