Mkono wa Pili wa Gauni

Muuguzi wa kiti cha nyuma alijifanya anasinzia, masikio wima. Mbele yake, ndani ya basi, fundi cherehani alikuwa akimalizia kwa sindano mkono wa pili wa gauni la bibi harusi.

"Daktari kasema nina ADHD," alimwambia mzee wa koti pana aliyekaa naye. "Akili haitulii. Jana nilitafuta kifungo kimoja, nikaishia kupanga vyote kwa rangi mpaka jioni."

"Uvivu huo, binti."

"Mvivu analala, baba! Mimi nilichoka hoi."

"Mbona sasa umetulia?"

"Ubishi unanituliza. Nibishie tu."

Muuguzi alishaona kitu, ila utamu wa ubishi ulimziba mdomo. Basi liliposimama mzee akainuka, na gauni zima likainuka naye, limeshonewa barabara kwenye koti lake.