Karatasi Alete Mwenyewe: Maisha ya Dorcas Ngala Randu, 1964–1993

Dorcas alizaliwa Rabai tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa nne wa Mzee Ngala na Mama Kaviha. Mimi ninayewasomea ni dada yake mkubwa. Nimeombwa nisome kwa upole. Nitajaribu.

Alisoma shule ya msingi papo hapo kwetu, akamaliza mwaka 1979. Akiwa darasa la sita, suruali ya mwalimu ilipasuka mbele ya ubao. Wenzake walicheka, yeye alichomoa sindano kwenye kola yake. Mwalimu akajifunga leso ya mpishi, akaendelea na hesabu mpaka suruali iliporudi imeshonwa.

Mwaka 1985 aliajiriwa na kiwanda cha nguo Changamwe, akishona kola za mashati. Kwa miaka minane hakuchelewa hata siku moja. Tarehe 3 Desemba 1988 alifunga ndoa kanisani na Bwana Randu, wakakaa Chaani, na Mungu akawapa Lewa.

Mwaka jana alishika mimba ya pili. Mwezi huu wa Mei, mimba ikiwa ya miezi minane, alivimba miguu na uso, presha ikapanda. Daktari akamwandikia siku kumi na nne za kulala kitandani. Randu aliipeleka karatasi kiwandani, na msimamizi hakuifungua. Alisema, "Mimba si ugonjwa. Karatasi alete mwenyewe. Asipoileta kesho, hana kazi."

Hakuna sheria ya nchi hii inayomwamuru mgonjwa atoke kitandani ili aombe ruhusa ya kulala. Nasi tulikosea, na kosa hilo nalisema mbele ya kaburi: tulimwinua. Miguu haikuingia kwenye viatu, tukamvalisha malapa ya mumewe. Akaniambia, "Dada, sikai sana. Nampa, narudi kulala."

Alisimama langoni tangu saa mbili asubuhi hadi saa tano, eti msimamizi yumo mkutanoni. Bawabu, Mzee Mramba, alimpa kiti chake, akakaripiwa kwa hilo. Tima, aliyeshona naye meza moja, ndiye aliyemdaka alipoanguka. Madaktari walisema ni kifafa cha mimba. Walimtoa mtoto kwa upasuaji, akapona. Mama yake alifariki siku iyo hiyo, Jumatano tarehe 19 Mei 1993, saa tisa alasiri. Karatasi ninayo hapa, na hatutaizika.

Ameacha mume, Randu; mwanawe Lewa; binti mchanga ambaye bado hajapewa jina; wazazi wote wawili na ndugu sita.

Leo asubuhi kiwanda kimeleta shada la maua kwa mkono wa dereva. Baba hakulipokea. Alimwambia, "Mwanangu, wewe huna kosa. Rudi nalo. Mwambie msimamizi alete mwenyewe."

Hajaja.

Dorcas aliandikiwa siku kumi na nne za kupumzika, hakupewa hata moja. Sasa apumzike kwa amani, wala asiombe ruhusa ya mtu.