Aliyepiga Nduru Shambani mwa Chai

Mheshimiwa Chifu, Pasta wetu, wazee, akina mama, shemeji yangu Bilhah, na wageni wote kutoka Kapkatet mpaka Chebunyo, hamjambo! Mimi ndiye baba mdogo wa Chepkemoi. Nilisoma mpaka darasa la saba, la nane nikaliona kwa dirisha, na bado hakuna wa kunishinda kuongea katika boma hili.

Tumekuja kumuaga msichana anayeenda chuo kusomea kutengeneza filamu za kutisha. Lakini mama yake, huyu Bilhah, hajakubali. Anasema, "Shemeji, ile filamu yako ilimharibia mtoto roho." Sasa nani atamjibu, kama si mimi?

Chepkemoi alikuwa na miaka tisa. Tulipeleka majani ya chai kituoni mchana, kisha nikampeleka kuona filamu kwenye banda la video hapo Kapkatet. Ilikuwa ya mnyama wa kutoka nyota ya mbali: hana kichwa, ananguruma, na kila akimeza mtu tumbo linafura. Wanaume walitoroka. Mimi nilimaliza, tena nikitafuna mahindi.

Kurudi, tukakata njia kwa shamba la chai la kampuni, ukungu umeshuka. Tukasikia ngurumo. Halafu tumbo jeupe, limefura, linakuja juu ya majani!

Mnajua ninavyosimuliaga: mtoto akapiga nduru, nikambeba mgongoni, nikamkabili mnyama kwa panga. Naona Mzee Ogada anacheka. Cheka tu, Ogada, ulikuwepo.

Shemeji, ile ilikuwa mashine ya kuchuma chai, na ngurumo ni ya injini yake. Ogada ameshika upande mmoja, mwenzake upande wa pili, na mfuko wa majani umejaa upepo nyuma yao. Panga sikuwa nayo. Aliyepiga nduru ni mimi. Aliyeruka kwa michai akakwama mpaka kiunoni, gamubuti moja ikanivuka mguuni ikapotea, ni mimi. Mtoto alienda akapapasa ule mfuko, akarudi akaniambia, "Baba mdogo, toka, ni majani tu." Akanishika mkono mpaka nyumbani, akiuliza kama Jumamosi tutaenda kuona ingine.

Kwa miaka kumi nimeuweka woga wangu kwa kichwa cha mtoto, na wewe ukamnyima anachopenda kwa sababu ya uongo wangu. Roho iliyoharibika ni hii yangu. Yake ni nzima, Bilhah. Mwache aende.

Naona umeinuka. Naona umemshika mtoto mkono. Pasta, omba haraka kabla hajabadilisha nia!

Nawashukuru kwa kunisikiliza, hata nyinyi mnaocheka.