Mzee Legeza Anaaga Dirisha la Dawa

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mfamasia wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la dawa. Nimeambiwa niandike mimi, mfanya usafi wa korido yake. Mimi na kalamu hatujazoeana, lakini kwa huyu nitajikaza.

Alianza kazi kioo cha dirisha kikiwa kimepasuka, anaondoka akiwa mkuu wa famasia. Vyeo na vyeti watasimulia wengine. Mimi nasimulia jina la Mzee Legeza, maana lilianzia kwangu.

Binti yangu alikuwa anasokotwa na tumbo kila akila. Leo anaharisha, kesho hapati choo. Vipimo vikatoka safi, daktari akasema ni ugonjwa wa utumbo wenye hasira. Mtoto akaacha chuo cha ushonaji, anaogopa kukaa mbali na choo. Usingizi ukanihama.

Mzee akampa vidonge, akasema vinalegeza misuli ya utumbo. Jamani! Kusikia kulegeza tu, nikamkamata binti mkono kwenye ngazi, asije akaniporomokea. Mzee akatoka mbio, anacheka mpaka miwani inamteleza: "Mama, si miguu!" Akachukua tambara langu la kudekia, akalikamua. Utumbo wake unajikaza hivi, akasema, ndiyo maumivu hayo. Kisha akafungua vidole taratibu. Dawa ni hii: haing'oi ugonjwa, inauambia mkono uachie. Anywe kabla ya chakula, maana utumbo ukishapata chakula ndipo unapoanza vituko. Na akiona damu, au akikonda bila sababu, arudi kwa daktari haraka.

Toka siku hiyo jina likamganda Mzee, na akifika mtu dirishani amekunja uso, foleni nzima inamwambia, "Legeza!" Mzee naye huinama na kuongea chini chini, mambo ya tumbo la mtu yasifike kwenye mabenchi.

Binti bado ana siku zake mbaya, sidanganyi. Lakini alirudi chuoni, akamaliza.

Mzee wetu, mimi kwa wasiwasi sijambo, nimeshaanza kujiuliza nani atatueleza sasa. Ila juzi nilimwona mfamasia mpya anamkamulia mgonjwa tambara, nikatulia. Asante kwa kila kitu. Ukae salama na wajukuu, ule kwa raha, uishi sana. Suti utakayovaa Ijumaa kaishona binti yangu. Usishangae kiunoni: amekulegezea kidogo.