Taratibu na Msitu Usiogawanywa

Wasikilizaji wapendwa, hakuwa na mke. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na gari, na baiskeli aliyokuwa nayo haikuwa na breki. Hakuwa na kidole cha shahada katika mkono wa kushoto; fahali alikinyofoa kwa kamba zamani za ujana. Hakuwa na suti. Hakuwa na redio, kwa hiyo hakuwahi kukisikia kipindi hiki, nasi tunamsamehe. Na hakuwa na haraka. Hilo la mwisho ndilo lililompa jina. Ndugu, majirani, hata daktari wa mifugo, wote walimwita Taratibu.

Leo tunamkumbuka Taratibu, mfugaji, aliyeitunza ranchi ya familia yake tangu ujana hadi uzee. Ranchi yenye msitu. Narudia: ranchi yenye msitu. Wengi wetu tukisikia neno ranchi tunaona uwanda mtupu na waya. Hii ilikuwa na miti mpaka mlangoni mwa zizi, na ng'ombe wake walicheulia kivulini kama wazee wa baraza.

Mengi mtakayoyasikia yametoka kwa dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu, ambaye ndiye aliyekaa nasi na kusimulia. Alisimulia huku akiyasugua magoti yake.

Dada anakumbuka alivyosimuliwa na bibi yao. Babu yao alifika pale na ng'ombe wachache na mke mjamzito. Wafugaji wengine walikuwa wakifyeka. Yeye hakufyeka. Walipomcheka aliwajibu, "Ng'ombe naye ana kichwa. Jua linamuuma kama linavyokuuma wewe." Badala ya kufyeka, yeye na mkewe walichimba lambo, kwa majembe na ndoo, ili maji ya mvua yasipite tu na kwenda zao. Lambo hilo lipo hadi leo. Kaburi la babu lipo juu yake, la bibi pembeni, na la mtoto wao, yaani baba wa hawa tunaowazungumzia, hatua chache mbele.

Babu aliacha pia sharti moja. Mti mzima haukatwi. Atakayetaka mbao asubiri mti uanguke wenyewe. Na ukishaanguka, usiguswe mpaka masika moja yapite juu yake. Pale nyumbani walikuwa na msemo: mti ulale kwanza. Watoto walipouliza kwa nini, waliambiwa mti nao una wageni wake: kuna vifaranga vya kuhama, kuna nyuki wa kuhama, si vizuri kumbomolea mtu nyumba angali ndani. Meza ya chakula pale nyumbani, milango, hata kitanda alichozaliwa dada, vyote vilitokana na miti iliyolala kwanza.

Watoto walikuwa watatu. Dada, ambaye alikwenda kusomea uuguzi na kubaki mjini. Taratibu, aliyebaki na ng'ombe. Na kitinda mimba wao, mwenye lori la kubeba mizigo. Baba yao alipofariki hakuigawa ranchi. Aliiacha kwa wote watatu, kwa sharti kwamba hakuna kipande kitakachouzwa mpaka kila ndugu aliye hai aweke saini.

Kwa nini Taratibu hakuoa? Dada alimuuliza hivyo hivyo, siku moja, mbele ya wageni. Akajibu, "Dada, mwanamke gani atakubali kuwa mke wa pili? Wa kwanza ni huu msitu, na ana wivu."

Basi, wasikilizaji wapendwa, akaja mfanyabiashara wa mbao. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu safi. Alizunguka msituni akipapasa magogo kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha akasema ataununua msitu mzima, yaani miti yote iliyosimama. Kitinda mimba alikubali papo hapo. Lori lake lilikuwa limelala gereji, na watoto wake walikuwa wakubwa kuliko kipato chake. Tusimhukumu. Mwenye njaa haambiwi asubiri msimu.

Siku hiyo ndugu hao walizozana kwenye boma la ng'ombe, na mchungaji wa mifugo yao alisikia kila neno.

"Kaka, wewe unalalia dhahabu halafu unajifunika gunia!"

"Na wewe unataka kuuza godoro wakati watu bado wamelala."

"Watu gani? Uko wewe na ndege kwarara!"

"Kwarara naye ni mpangaji. Tena halalamiki kama wewe."

Saini zilikuwa tatu. Mdogo alikuwa tayari. Taratibu alikataa, lakini alijua kukataa kwake peke yake kungeigeuza ranchi kuwa uwanja wa ugomvi mpaka aingie kaburini. Alimtaka dada awe upande wake, na awe upande wake kwa kuona, si kwa kuombwa. Na dada, yeye mwenyewe anakiri, alikuwa ameelemea upande wa kuuza. Alikuwa ghorofa ya tatu, mjini, magoti yamechoka kwa miaka ya kusimama wodini. Hakuwa amekanyaga ranchini tangu wamzike baba. Kwake yeye msitu ulikuwa picha moja ukutani, tena imepauka.

Taratibu akampigia simu.

"Dada, njoo uone kwanza. Majani yanakaribia kutoka."

"Majani nimeyaona utotoni."

"Umeyasahau."

"Taratibu, magoti haya hayapandi tena kile kilima. Gari likinifikisha lamboni, nitakuja. Lisiponifikisha, niletee karatasi nisaini tumalize."

"Dada, usitishe watu wazima."

"Sitishi. Natangaza."

Wote wawili walicheka. Dada anasema alikuwa anatania nusu, na nusu nyingine hakuwa anatania. Taratibu aliichukua yote kuwa kweli.

Hapa niwaeleze kuhusu hayo majani, maana asiyeyaona hataelewa kwa nini mtu mzima aliyahangaikia. Mwisho wa kiangazi, nyasi zimekauka zinavunjika kama biskuti, mvua haijanyesha hata tone, ile miti huchipua. Majani machanga hayatoki ya kijani. Hutoka mekundu. Mengine rangi ya shaba, mengine rangi ya waridi, mengine mekundu kama kucha zilizopakwa rangi. Ukisimama juu ya ukingo wa lambo, utadhani msitu umewashiwa taa kwa ndani. Baada ya siku chache wekundu huo hufifia na kugeuka kijani. Aliyechelewa amechelewa.

Kwa hiyo Taratibu alikuwa na siku chache. Na njia ya zamani ya mkokoteni, inayopanda mpaka lamboni, ilikuwa imezibwa. Upepo mkali wa kiangazi ulikuwa umeangusha mti mkubwa, lakini haukuufikisha chini. Uliangukia mabega ya mwenzake na kubaki hapo, umeegemea, nusu hewani, ukikatiza njia.

Mchungaji alimwambia, "Mzee, huu bado haujalala."

"Najua."

"Basi tuzungushe njia upande wa pili."

"Kuzungusha ni kukata miti mizima. Nimkaribishe dada aone msitu kwa kuukata?"

"Tungoje masika."

"Masika tutangoja, dada naye atangoja. Karatasi hazingoji."

Mchungaji anasema hakuwahi kumsikia mzee akizungumza kwa kasi vile. Asubuhi iliyofuata Taratibu alimtuma apeleke ng'ombe kwenye josho, wakaoshwe kupe. Yeye mwenyewe akachukua msumeno wa mkono na chupa ya chai.

Mchungaji alirudi na ng'ombe kabla ya adhuhuri. Aliita, hakuitikiwa. Alipofika kwenye njia ya mkokoteni aliuona msumeno umebanwa ndani ya gogo. Gogo lilikuwa limejifyatua. Mti ule uliokuwa umeegemea ulikuwa sasa umelala chini, na Taratibu alikuwa kando yake. Hakuwa na uhai. Chai ilikuwa bado ya moto ndani ya chupa.

Wasikilizaji wapendwa, dada alikwenda. Alikwenda kuzika. Vijana wa majirani walilisogeza gogo kwa minyororo, na gari lililobeba jeneza likapita njia ile ile. Dada alikuwa ndani ya gari hilo. Gari likamfikisha lamboni, kama alivyotaka. Aliponieleza hayo, akasema, "Unaona? Alitimiza."

Majani yalikuwa yametoka.

Anasema hakuyatazama kwanza. Alitazama udongo, alitazama mikono ya wachimba kaburi, alitazama viatu vya watu. Ni baada ya watu kutawanyika, alipoomba aachwe peke yake ukingoni, ndipo alipoinua uso. Msitu wote ulikuwa mwekundu, mpaka unapokutana na mbingu. Hondohondo walikuwa wakiitana mitini. Ng'ombe walikuwa wamelala chini ya miti, wakicheua, kana kwamba hakuna lililotokea. Na picha ile iliyopauka ukutani kwake ikarudi na rangi zake zote. Alilia, anasema, kilio ambacho wodini alikizuia miaka yote.

Jioni, mezani, mdogo wao alilipuka.

"Msitu umemuua kaka! Bado tu mnautaka? Mimi mti mmoja nisiuone umesimama!"

Hakuwa anazungumza kama mtu anayetaka kuuza. Alikuwa anazungumza kama mtu anayetaka kulipiza kisasi. Macho yalikuwa yamemvimba.

Dada alimwambia, "Msitu haukumuua. Haraka ndiyo iliyomuua, na haraka ile ilikuwa yangu."

"Dada, usijibebeshe."

"Nisikilize. Unakumbuka babu alivyosema mti ulale kwanza?"

"Kwa ajili ya nyuki. Na vifaranga."

"Ndivyo walivyotuambia, tulikuwa watoto. Mti ulioegemea una nguvu zimejifunga ndani yake. Masika yakipita, unaoza kidogo, unalegea, unashuka wenyewe. Tulidhani ni heshima kwa mti. Kumbe babu alikuwa anatulinda sisi."

Mdogo akauliza, kwa sauti ya mtoto, "Na kaka alilijua hilo?"

"Alilijua kuliko sisi sote. Alinipenda kuliko alivyolijua."

Kwa niaba ya kipindi hiki, tunatoa pole kwa dada mtu, pole kwa mdogo mtu, pole kwa mchungaji ambaye bado anasita kuipita ile njia, na pole kwa majirani waliozoea kumsubiri Taratibu amalize sentensi. Mola amlaze mahali pema. Nasi tuliobaki tujiulize: ni masharti mangapi ya wazee wetu tunayoyaona mazito, na hatujawahi kuuliza yalitungwa baada ya msiba gani? Na je, yupo ndugu anayetuita tukaone kitu akipendacho, nasi tunamwekea masharti?

Limebaki jambo moja la kuwaambieni.

Arobaini ilipokwisha, dada alimwandikia barua mfanyabiashara wa mbao. Aliiandika kwa mkono, kwenye meza ya chakula, kwa mwandiko wake wa wodini unaosomeka. Haikuwa ndefu. Hakuifunga. Alitoka nayo nje, ambako mdogo wake alikuwa ameinama chini ya boneti ya lori, ambalo hatimaye lilikuwa linatembea.

"Soma. Hukubaliani, ichane. Sitakulaumu."

Mdogo alifuta mikono kwa tambara, mara ya kwanza, mara ya pili. Alisoma akiwa amesimama. Alirudia kusoma.

"Umeandika sisi hatuuzi."

"Ndiyo."

"Hukuandika mimi siuzi."

"Ningeandika hivyo ningekuwa nimekushinda. Sitaki kukushinda. Nimebakiwa na ndugu mmoja."

Mdogo alitazama upande wa miti, ambayo sasa ilikuwa imegeuka kijani. Akamnyooshea dada mkono, dada akampa kalamu, naye akaweka saini yake chini ya saini ya dada, akiegemeza karatasi kwenye mlango wa lori. Akaikunja. Akaitia kwenye bahasha. Akalamba gundi, akaibana kwa kiganja, akaacha alama ya grisi kwenye kona.

"Nitaifikisha posta leo," alisema. "Nisiendeshe mbio?"

"Usiendeshe mbio, mdogo wangu."

Akapanda, akawasha lori, akaondoka polepole. Mchana huo, kabla posta haijafungwa, aliitumbukiza ile barua sandukuni.