Milango Niliyoibana Wakati wa Kiangazi

Ndugu zangu, naomba radhi kwanza. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya milima ya Nyambene, na herufi nilizokosea, anayewasomea azisahihishe mwenyewe. Niliishia darasa la nne. Niko benchi la nyuma hapa kanisani, karibu na mlango. Kusimama hapo mbele siwezi, ndiyo maana nimeandika, na nimeandika kwa wiki tatu.

Mimi ni seremala. Marehemu baba aliniachia randa moja ya mti mgumu, yenye shimo mahali kidole gumba chake kilipokaa miaka yote. Wakati wa Hali ya Hatari, Wazungu walipotuamuru tubomoe nyumba zetu tuhamie kijiji kilichozungushiwa handaki, mkuu wa kijiji, ambaye simtaji jina, alikagua mizigo.

"Msumeno na patasi ni silaha," akasema. Akachukua vyote, na randa pia.

Baadaye nilikwenda kumwomba. "Randa gani? Kijana, unaniita mwizi?"

Nikarudi kuchimba handaki. Kila nilipoinua jembe niliiona shingo yake. Msinune, wapendwa. Ushuhuda wa uongo ni wa nini?

Mwaka ulipopita alijenga nyumba mpya, akaniita. "Wewe si mtoto wa yule seremala? Nataka kabati la kuingia ukutani, toka sakafuni hadi darini, la mbao za muuru." Sasa silaha zikawa halali. Mzee mmoja Mwislamu, fundi wa mjini, aliniazima vifaa vyake, na nusu ya nyumba ya mama ikawa karakana yangu. Kuni upande ule, mbao upande huu.

Kiangazi kilikuwa kikali. Muuru hupungua kwa jua na hunenepa kwa mvua, kwa hiyo seremala huacha nafasi ndogo kwenye ukingo wa mlango, kiasi cha unene wa shilingi. Mimi sikuacha hata ya unywele. Kingo sikuzipaka vanishi, ili zinywe maji vizuri.

Yule mzee alipokuja kuchukua vifaa vyake alipitisha ukucha pale. "Mwanangu, umeibana. Mvua ikija je?"

"Itatosha, Baba."

Akanitazama, akafunga vifaa vyake.

Mkuu alifurahi. "Linafunga kama benki!" Nami nikaanza kuingoja mvua kuliko wenye mbegu.

Ilinyesha siku nne mfululizo. Asubuhi ya tano nikasikia kelele kwenye lango la kijiji. Wanawake walikuwa wamesimama na vikapu, wanalowa. Kumbe mkuu alikuwa akikusanya pasi zao, vile vibali vya kutoka kijijini, kila jioni na kuzifungia ndani ya kabati, na sasa kabati halifunguki. Bila pasi hakuna kwenda shambani, na chakula kiko shambani.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, kwanza nilicheka.

Kisha askari mmoja akamwambia mama yangu, "Mwanao ameharibu kazi."

"Mwanangu?" mama akapaza sauti. "Milango hiyo ilikuwa ikifunguka vizuri nyumbani kwangu! Aliyeiharibu, mikono yake ikauke kama kuni!" Wanawake wote wakaitikia.

Nilitazama mikono yangu. Ninyi mnajua laana ya mama kwetu ni kitu gani. Nikaenda mbio kwa mkuu, wanawake wakanifuata. Alikuwa ameshika shoka, anataka kulipasua kabati na anaogopa kulipasua.

"Fungua!"

"Mzee, zinatakiwa kupunguzwa kwa randa. Mimi sina. Ya yule fundi iko mjini, na pasi yangu ya kwenda mjini imo humo kabatini."

Mke wake akadakia, "Si kuna ile iliyo chini ya kitanda?"

Akaingia mwenyewe chumbani, akatoka nayo. Nikaweka kidole gumba shimoni. Nikang'oa pini za bawaba, askari wakavuta milango, nikaziranda kingo mbele ya watu wote. Pasi zikatoka. Kisha nikaiweka randa kwapani.

"Hiyo ni ya nani?" mama yangu akauliza kwa sauti kubwa.

Mkuu alimeza mate. "Achukue," akasema. Hadi leo nikiwa na huzuni nalikumbuka koo lile, na huzuni hupungua.

Jioni nilimweleza mama kila kitu. Alimaliza kumenya viazi. Halafu, "Lete mikono." Akatemea mate mkono huu, akatemea na huu, kama wazee wanavyobariki. "Sasa nenda nyumba kwa nyumba, waombe radhi niliolowa nao." Wazee wa kanisa, msinilaumu kwa mate yale. Nililala nikiwa na mikono.

Namshukuru mzee aliyeniazima vifaa, na mke wa mkuu, na wanawake walionipokea. Mmoja alinipiga kwanza, halafu akanipa uji. Funzo langu ni dogo. Ukimbania mtu mlango, angalia kwanza ndani kuna vitu vya nani.

Lakini sijamaliza. Mkuu alihamishiwa upande wa Embu. Juzi ameniletea vipimo vya kabati la pili. Mbao ninazo, na kiangazi kimeanza. Kila nikipima mlango, mkono wangu unarudi kwenye ile nafasi ya shilingi na unasita. Tafadhali, mliosikia haya, niandikieni hata mistari miwili, muipitishe kwa karani wa kanisa. Niandikieni kabla sijakata.