Jicho Lililolia Bila Msiba

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, dada mmoja alikuwa amepakata sanduku jeusi kama mtoto mwenye homa. Mzee wa pembeni yake, magoti yamebanwa na sanduku, akamuuliza, "Mwanangu, na hilo nalo limekata tiketi?"

"Samahani, baba. Ni kamera ya filamu. Tukiiweka chini, mtikisiko unaiharibu."

"Sawa, lakini mbona unauficha uso nyuma yake?"

Dada akainama. Akasema asubuhi alilitoa sanduku kwenye chumba cha baridi, akalifungua juani papo hapo, badala ya kuliacha limefungwa mpaka lizoee joto. Kioo cha kamera kikashika ukungu. Mwigizaji mkongwe alilia machozi ya kweli, picha ikatoka moshi mtupu.

Kitendawili, nikajisemea: jicho langu likitoka baridini hulia bila msiba. Wajukuu wangu wasingekitegua.

"Wakubwa wa filamu walipouliza," dada akasema, "nikawaambia dereva wetu ndiye aliyelifungua njiani. Wamemfukuza."

"Lo! Mlikuwa na ugomvi?"

"Hata! Jana alinigawia chakula chake."

"Basi kaseme ukweli."

"Nikisema, nani atanikabidhi kamera tena?"

"Na usiposema, utaishika kwa mikono ipi?"

Basi likasimama mbele ya stoo yao ya vifaa. Mwanamume aliyeketi langoni na mfuko wa nguo zake akamwona dada, akakimbilia mlango wa basi, mikono mbele. "Lete nikupokee, dada, usije ukaliangusha."

"Ndiye dereva," dada akanong'ona, wala hakuinuka.